Rehani ya Taa

Mafuta ya taa hununuliwa kidogo kidogo. Mwenye kibatari hupeleka chupa dukani, akapimiwa ya shilingi alizo nazo, na kesho akizikosa hulala gizani bila kudaiwa na mtu. Sola haiuzwi hivyo. Paneli, betri, nyaya na taa hulipiwa zote siku ya kwanza, na baada ya hapo jua halileti ankara. Gari la umeme nalo mara nyingi huwa na bei kubwa dukani kuliko gari la petroli la kiwango chake, lakini kila kilomita inayokwenda ni nafuu, kwa kuwa mota ya umeme hugeuza sehemu kubwa ya nishati kuwa mwendo, ilhali injini ya petroli hupoteza zaidi ya nusu yake kwa joto. Kwa hesabu za mfanyabiashara, nishati safi hupunguza gharama ya kila siku na kuirundika mwanzoni. Iko pia gharama nyingine inayosubiri mwishoni, siku betri inapokufa. Maswali mazito ya maadili kuhusu sola na gari la umeme yamo katika ncha hizo mbili: nani abebe mwanzo, na nani aachiwe mwisho. Moshi, ambao ndio unaozungumzwa zaidi, uko katikati.

Mwanzo wenyewe umeshuka bei kwa kasi. Kati ya mwaka 2010 na 2020 bei ya paneli ilipungua kwa takriban asilimia 90. Betri ya lithiamu iliyogharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa mwaka 2010 ilifika wastani wa dola 115 mwaka 2024. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila inamfaa aliye na fedha za kulipa kwa mkupuo. Mwenye shilingi mia mbili mfukoni hawezi kununua sola ya mia mbili.

Kabla ya kuuliza nani alipe, wanafalsafa huuliza nani anawajibika. Mwaka 1993 Mmarekani Henry Shue alitofautisha hewa ukaa inayotoka katika mahitaji ya kuishi na ile inayotoka katika anasa, akasema ni dhuluma kumtaka maskini apunguze ya kwanza ili tajiri aendelee na ya pili. Mwaka 2005 Walter Sinnott-Armstrong alileta hoja ya kuudhi zaidi: mtu mmoja anayeendesha gari linalobugia mafuta Jumapili mchana kwa kujifurahisha tu hawezi kuonyeshwa aliyemdhuru, kwa hiyo wajibu mkubwa ni wa serikali na sheria, si wa dereva. Wengi wamemjibu kwamba madhara madogo yakijumlishwa kwa maisha mazima ya mtu hayawi madogo tena. Papa Fransisko, katika waraka wake *Laudato Si’* wa mwaka 2015, alitumia lugha ya deni: nchi zilizotajirika kwa kuchoma makaa na mafuta zina deni la kimazingira kwa nchi za kusini. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Istanbul walitoa tamko lililozitaka nchi tajiri na zenye mafuta zitangulie kuachana nayo.

Ukifuata hoja hizo hadi mwisho, familia yenye kibatari kimoja haina deni lolote la kaboni la kulipa. Kuihubiria inunue sola kwa ajili ya tabianchi ni kukosea mlango. Familia hiyo ina sababu zake zinazotosha: moshi unaoingia vifuani mwa watoto, hatari ya moto kwenye nyumba ya makuti, na safari ya kwenda sokoni kulipia kuchaji simu. Kinachoizuia ni ule mkupuo wa siku ya kwanza.

Jibu lililoenea Afrika Mashariki ni kukopesha. M-KOPA, kampuni iliyoanzia Nairobi, iliuza seti za sola kwa malipo ya simu, ikiegemea M-Pesa iliyokuwa imezinduliwa mwaka 2007. Katika miaka ya mwanzo mteja alitoa amana ya takriban Sh3,000 za Kenya, kisha Sh40 kila siku kwa mwaka mmoja. Kiasi hicho cha siku kilikusudiwa kulingana na kile ambacho nyumba nyingi zilikuwa tayari zikikitoa kwa mafuta ya taa na kuchaji simu. Ndani ya kisanduku cha betri kuna kadi ya simu. Malipo yakiingia, mfumo hufunguka. Yasipoingia, kampuni huufunga kutoka mbali, na taa haiwaki hata kama jua limewaka tangu asubuhi na betri imejaa.

Je, hiyo ni riba? Kwa Waislamu wa pwani, ambao wengi hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, swali hili si la vitabuni tu. Wanafikihi wengi wa madhehebu yote manne wanakubali kwamba kitu kinaweza kuuzwa kwa bei kubwa zaidi kikiuzwa kwa muda kuliko kikiuzwa taslimu, mradi muuzaji na mnunuzi wameafikiana bei moja kabla ya kuachana. Kinachokatazwa ni nyongeza inayokuja baadaye, pale mdaiwa anaposhindwa kulipa kwa wakati na mdai akamwambia ampe muda kwa sharti la kuongeza deni. Kwa kipimo hicho, mauzo ya sola yasiyo na faini ya kuchelewa yamekaa vizuri kuliko mikopo mingi ya simu: mteja akikosa siku tano, muda wake unasogea siku tano, na deni linabaki lilelile. Lakini lipo sharti jingine, la kuondoa utatanishi katika mauzo. Amana ya Sh3,000 na malipo ya siku 365 ni Sh17,600. Mnunuzi anapaswa kuambiwa jumla hiyo, pamoja na bei ya taslimu kama ipo, kabla hajaweka dole gumba. Tangazo linaloandika arobaini kwa herufi kubwa na kuiacha jumla ijitafute yenyewe ni mauzo yenye dosari, hata kama hakuna neno riba ndani ya mkataba.

Ugumu hasa hauko kwenye bei. Uko kwenye kufuli. Seti ya sola iliyofungwa ni rehani inayokaa nyumbani kwa mdaiwa huku ufunguo ukiwa kwa mdai. Dini zote zilizo kubwa katika eneo hili zinaijua rehani na zinairuhusu. Sura ya Al-Baqara, aya ya 283, inataja rehani inayokabidhiwa pale wakopeshanao wanapokosa mwandishi safarini. Ila aya tatu kabla yake, ya 280, inataka mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka atakapopata nafuu. Torati ina ukali wa aina yake. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kama rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu kuwa rehani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinamtaka aliyechukua vazi la jirani yake amrudishie kabla jua halijatua, maana ndilo analojifunika usiku. Mdai amebaki na deni lake. Asichoruhusiwa ni kumlaza mwenzake kwenye baridi ili alipwe haraka.

Taa inafanana mno na lile vazi. Inahitajika saa ileile ambayo vazi lilihitajika, na inafungwa kwa sababu ileile iliyomfanya mdai wa zamani alishike vazi: inauma. Tena maumivu hayo hayamwangukii mdaiwa peke yake. Mkulima wa korosho au kahawa hupata fedha kwa msimu, mara moja au mbili kwa mwaka, lakini kisanduku kinadai kila siku. Mwezi wa njaa unapofika, mtoto aliyezoea kufungua daftari saa mbili usiku ndiye anayeona taa nyekundu kwenye kisanduku, na koroboi lililokuwa limetupwa uvunguni linarudi mezani.

Wakopeshaji wana hoja yao, na si dhaifu. Wachumi Paul Gertler, Brett Green na Catherine Wolfram waliifanyia majaribio nchini Uganda pamoja na kampuni ya sola ya Fenix International. Wateja waliokwisha kumaliza kulipia seti zao walipewa mikopo ya karo; baadhi waliweka sola kuwa dhamana inayoweza kufungwa kutoka mbali, wengine hawakuweka. Kufuli lilipunguza walioshindwa kulipa kwa pointi 19 za asilimia, na familia zilizopata mikopo hiyo ziliandikisha watoto wengi zaidi shuleni. Maana yake ni kwamba bila kufuli watu wengi wasingekopeshwa kabisa, au wangekopeshwa kwa bei ya juu ili kufidia wasiolipa. Anayetaka kufuli liondolewe lote inabidi aseme fedha za kumkopesha maskini asiye na dhamana zitatoka wapi.

Hata hivyo Torati haikukataza rehani. Iliweka mipaka kwa vitu viwili, kile kinacholisha na kile kinachofunika. Seti nyingi za sola leo zina taa tatu au nne, redio, tochi, na za bei ya juu zina televisheni. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia kisanduku kutengenezwa kifunge televisheni na redio na kuacha taa moja. Mdai angebaki na kitu cha kumkera mdaiwa, na nyumba ingebaki na mwanga wa kupikia na kusomea. Kati ya njia zinazojadiliwa, hii ndiyo inayoheshimu vyote viwili, haki ya aliyekopesha na ile aya ya 280.

Kwa pikipiki ya umeme hoja inageuka kuwa ya jiwe la kusagia. Dereva wa bodaboda Tanzania anaijua pikipiki ya mkataba: tajiri ananunua chombo, dereva anapeleka hesabu kila siku, na baada ya mwaka au zaidi chombo kinakuwa chake. Kampuni za pikipiki za umeme Nairobi na Kigali zimeuendeleza mkataba huo kwa sura mpya. Nyingi humuuzia dereva pikipiki bila betri. Betri hubaki mali ya kampuni, na dereva hubadilisha iliyokwisha kwa iliyojaa kituoni, akilipia nishati aliyotumia. Kwa njia hii kifaa cha ghali kuliko vyote hakiingii kwenye bei ya kununulia, na dereva haogopi betri kuchakaa mikononi mwake. Kiuchumi ni mpango wenye akili. Lakini tajiri wa zamani angeweza kupigiwa simu na kuambiwa kwamba leo mvua imenyesha tangu alfajiri, hesabu haijatimia. Wakati mwingine alikubali, wakati mwingine alikuja na baunsa. Programu haifokei mtu wala haimwonei huruma. Inazima tu chombo, na chombo kilichozimwa hakiwezi kuzalisha fedha ya kukiwashia. Mkataba wa namna hiyo unahitaji siku za neema zilizoandikwa wazi, kwa idadi, kwa kuwa hakuna tena mtu wa kumwomba. Jambo hili lina haraka zaidi Rwanda, ambako tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli haziandikishwi kubeba abiria jijini Kigali: dereva anayeanza kazi hana tena pa kukimbilia.

Wenye uwezo wanakabiliwa na swali tofauti, maana wao hawahitaji mkopo. Mwenye hoteli au jumba la Mbezi Beach, Dar es Salaam, anaweza kuweka paneli na betri akaachana karibu kabisa na gridi. Anaokoa fedha na anapunguza hewa ukaa, na hakuna sheria aliyovunja. Lakini gridi ya Tanzania inaendeshwa kwa kubebana. Mteja mdogo wa shirika la umeme la TANESCO anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi, wakati mteja wa kawaida wa daraja la T1 hulipa Sh292. Tofauti hiyo haitoki hewani. Sehemu yake inatoka kwa watumiaji wakubwa. Hao wakiondoka mmoja mmoja, nguzo, transfoma na madeni ya mabwawa vinabaki palepale vikigawanywa kwa waliobaki. Pakistan imeonyesha jinsi jambo hili linavyokwenda haraka. Mwaka 2024 peke yake nchi hiyo iliagiza paneli za takriban gigawati 17, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya mapaa ya nyumba na viwanda vilivyochoshwa na bei ya umeme, na wasio na mapaa yao wenyewe wakaachwa na gharama za mitambo ya zamani. California ilikuwa imeliona tatizo hilo mapema; Desemba 2022 ilipunguza sana malipo kwa wenye sola wapya wanaouza umeme kwenye gridi, kwa hoja kwamba wapangaji na maskini walikuwa wakiwalipia wenye nyumba. Wenye sola walisema hesabu hizo zimepikwa na makampuni ya umeme. Ubishi huo haujaisha, na pande zote mbili zina chembe ya ukweli.

Hapa kuna hadithi ya Mtume iliyopokelewa na Abu Daud, inayowataja Waislamu kuwa washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Wanazuoni wa leo wameuhusisha moto na nishati kwa jumla, na kwa msingi huo wengine wakaona umeme haupaswi kuwa mali ya mtu binafsi. Jua lenyewe ni la wote bila ubishi. Paneli ni ya aliyeinunua. Kinachobishaniwa ni waya ulio kati yao. Mwenye sola anayebaki ameunganishwa na gridi ili imwokoe siku za mawingu, halafu akagoma kuchangia nguzo, anataka ushirika wa moto bila kuuchangia. Ada ndogo ya kudumu ya uunganisho ni ya haki kwake. Kodi kwenye paneli ni jambo jingine, kwa kuwa inampiga yule ambaye hajawahi kuwa na gridi. Kenya ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye vifaa vya sola mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikaiondoa.

Barabara nazo zina hesabu ya namna hiyo. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli Kenya imebeba Sh25 za matengenezo ya barabara. Gari la umeme linapita barabara ileile bila kununua lita hata moja. Kwa sasa ni magari machache na msamaha huo ni kivutio kinachoeleweka. Norway ilikaa na misamaha ya aina hiyo mpaka mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yakawa ya umeme. Yenyewe ilimudu, kwa sababu hazina yake imejazwa na mafuta na gesi inayowauzia wengine. Nchi isiyo na hazina hiyo inapaswa kujua tangu mapema msamaha utakoma lini, la sivyo kodi ya mwenye bodaboda ya petroli itakuwa inamkarabatia njia mwenye gari la umeme la mamilioni.

Ncha ya pili ni ya madini na taka. Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, sehemu kubwa ikitoka Lualaba, kuzunguka mji wa Kolwezi, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya machimboni. Mwaka 2016 Amnesty International ilichapisha ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika uchimbaji mdogo huko. Desemba 2019 familia za watoto waliokufa au kulemaa zilizishtaki kampuni tano za Marekani, miongoni mwao Tesla na Apple. Zilishindwa, na Machi 2024 mahakama ya rufaa ya Washington ikathibitisha kwamba kununua bidhaa kupitia mnyororo wa soko la dunia hakutoshi kuitwa kushiriki katika ubia na aliyedhulumu. Sheria iliishia hapo. Teolojia ya maadili ya Kanisa Katoliki, iliyochambuliwa kwa undani na Alfonso Liguori katika karne ya 18, haiishii hapo: inapima mshiriki yuko karibu kiasi gani na uovu, mchango wake unahitajika kiasi gani, na sababu yake ina uzito gani. Kwa vipimo hivyo mnunuzi wa kawaida yuko mbali sana na shimo la Kolwezi, lakini mtengenezaji anayeweza kukagua mgodi na asikague hayuko mbali. Ni haki pia kuuliza kwa nini petroli haipimwi hivyo. Uchafuzi wa Ogoni katika Delta ya Niger una miongo mingi na wenye magari hawajawahi kutakiwa kuutolea maelezo. Isitoshe, betri za lithiamu zinazotumia chuma na fosfeti hazina kobalti kabisa, na ndizo zinazozidi kuenea katika magari ya bei nafuu na hifadhi za nyumbani. Teknolojia hiyo itapunguza lawama. Mchimbaji wa Kolwezi itamwondolea soko, na hilo halijamletea shule wala shamba.

Betri ya zamani ya asidi na risasi, ambayo bado inatumika katika nyumba nyingi zenye sola, ina historia yake karibu zaidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 kikiwa kimepakana na nyumba za watu. Watoto walikutwa na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, aliongoza madai ya wakazi, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Betri zilizoyeyushwa pale zilikuwa zimewafaa watu wengi waliokuwa mbali, na hakuna hata mmoja wao aliyelipa gharama hiyo katika bei.

Dawa yake haihitaji ugunduzi. Chupa ya soda hurudi dukani kwa sababu mnunuzi ameacha amana, na betri inaweza kuuzwa vivyo hivyo: sehemu ya bei irudishwe siku inaporejeshwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka tayari inamtwika mtengenezaji na mwingizaji wajibu wa bidhaa yake mpaka mwisho wa maisha yake, kwa hiyo muuzaji wa betri nchini humo hana kisingizio cha kukosa jibu. Anayenunua sola, pikipiki au gari la umeme amuulize mambo matatu kabla ya kusaini: jumla ya bei ni kiasi gani, kitafungwa nini nikichelewa, na betri hii ikifa itapokelewa wapi.